Sitara wa Kigingi Namba Mia Mbili na Kumi

Cheka kwanza umalize. Wewe uliyesoma hadi chuo ukaambiwa majini ni malaria iliyopanda kichwani, cheka, halafu nenda Kariakoo kwa Ummy muuza vitenge ukamwambie hayo usoni.

Kilianza kitu kidogo. Binti yake Sitara, wa miaka tisa, kila ikiadhiniwa adhuhuri aliacha alichoshika, akasimama ukutani, akakinga kiganja, akatia mdomoni kisichoonekana, kisha akapanua mdomo na kunyanyua ulimi. Pakanuka dawa ya chooni na udongo mbichi. Ukimuuliza, hakumbuki. Makombe alikunywa, visomo alisomewa, na bado alizidi kukonda.

Siku moja Klara, nesi mstaafu wa Buguruni, alikuwa dukani akichagua kitenge, adhuhuri ikaadhiniwa, Sitara akafanya yake. Kikamdondoka.

"Nani kamfundisha kuonyesha chini ya ulimi?"

"Hakuna, mama. Kwani nini?"

"Ndivyo tulivyowakagua wagonjwa wa akili kule bara, tujue wamemeza. Anaitwa nani?"

"Sitara. Jina la mama yangu mkubwa, alikufa mimi sijazaliwa."

Klara akatafuta stuli akakaa, akasimulia. Mwaka juzi, kabla hajastaafu, alimzika Sitara mmoja wa Kariakoo kwenye makaburi ya hospitali, kigingi namba mia mbili na kumi. Miaka thelathini na nne wodini, hakuja hata ndugu wa dawa. Alikuwa na jini lake akiongea nalo. Alipokata roho, walisikia hatua zikitoka wodini, mtu hawakumwona.

Ummy alifunga duka, akamburura mtoto hadi Magomeni kwa mama yake, Bi Zamzam.

"Shikamoo mama. Kaburi la mama mkubwa liko wapi?"

"Marahaba." Bi Zamzam akaendelea kuchambua mchele. Kisha, kwa sauti ya chini: "Nilikuwa na mchumba. Nani angeoa nyumba yenye kichaa? Tukasema kafia safarini. Tukakaa matanga, tukasoma hitima, watu wakala pilau."

"Halafu ukanipa jina la mtu aliye hai nimpe mwanangu."

"Nilishasahau kama yu hai."

Adhana ya alasiri ikalia, saa ambayo haikuwa yake. Mtoto hakwenda ukutani safari hii, alimgeukia bibi yake, na ile harufu ikajaa chumba mpaka mchele ukanuka kaburi, na sauti iliyotoka ilikuwa ya mtu mzima aliyekaa miaka mingi bila wa kusema naye.

"Zamzam. Pilau la matanga yetu lilikuwa tamu?"

Bi Zamzam akaufunika mchele kwa khanga.

"Kiti changu, yule niliyekuwa nimempanda, kimekufa," sauti ikasema. "Nikafuata jina."

"Mwache," Ummy akanong'ona. "Nichukue mimi."

"Wewe huna jina hilo."

Ummy akamkamata mwanawe kiunoni, akamvuta kwa nguvu zake zote, na ilikuwa kama kuvuta nguzo ya umeme, kwani yule mtoto aliyekonda hata gauni linamvuka alizidi kutembea taratibu kuelekea mlangoni, akiburuza mguu kama ajuza, akimkokota mama yake sakafuni mpaka mikono ikaachia kizingitini. Akatoka, akaufunga mlango. Wakasikia komeo likigonga kwa nje, kama wodini, ambako mlango ule haujawahi kuwa na komeo.