Fausta Wawili, Duara Moja

Fausta na mumewe, Wendelin, wanalima mpunga Namawala. Kwa siku tatu walisubiri trekta la kikundi chao cha wakulima. Halikuja. Wakaendelea na jembe la mkono. Mvua ilikuwa imekaribia, na zaidi ya nusu ya shamba ilikuwa haijaguswa.

Fausta alimpigia simu dereva, Marcelino.

"Kaka, mbona hufiki?"

"Mama, si nimeshakulimia juzi? Kule Mkula."

"Mkula? Mimi niko Namawala!"

Marcelino akaeleza: "Kwenye tovuti ya kikundi niliona duara la kijani lenye herufi F, na jina Fausta. Nikafuata hilo."

Fausta alikaa chini kwenye udongo. Hakuwa na nguvu hata ya kugomba.

Kesho yake walikwenda Ifakara kwa Agnella, katibu wa kikundi. Yeye ndiye anayesimamia tovuti.

"Shikamoo, dada."

"Marahaba. Poleni, mnaonekana mmechoka sana."

Walimweleza. Agnella akafungua kompyuta. Kweli, kulikuwa na Fausta wawili, na kila mmoja ana duara la kijani lenye F.

"Mtu asipoweka picha, tovuti humtengenezea," alisema. "Inatumia herufi ya kwanza ya jina. Ndiyo maana mmefanana."

"Kwa hiyo niweke sura yangu?" Fausta aliuliza.

"Ukipenda. Si lazima. Wengine hawataki sura zao zionekane mtandaoni. Lakini naweza kubadilisha mpangilio. Picha itengenezwe kwa namba ya uanachama, siyo kwa herufi. Namba hazifanani, basi kila mtu atapata mchoro wake. Na chini yake tuweke majina mawili na kijiji."

"Kumbe inabadilishwa!" alisema Wendelin.

"Inabadilishwa. Mimi niliiacha kama ilivyokuja. Nisameheni."

Agnella alichagua, akahifadhi. Duara la Fausta likageuka miraba ya njano. La mwenzake wa Mkula likawa pembetatu nyekundu. Agnella akampigia Marcelino palepale, akamwelekeza asome na kijiji pia.

Baada ya siku mbili trekta lilifika Namawala asubuhi. Hadi saa nane mchana shamba lote lilikuwa limelimwa. Mvua ikaanza kunyesha jioni.

Wendelin alimwita mkewe aje kula. Hakuitikia. Alikuwa amelala kwenye mkeka, matope bado miguuni. Wendelin akafunika chakula, akamwacha apumzike.