Chumba cha Nyuma kwa Kina Perez

Sokoni Mamboleo siku ya gulio, nani humwangalia anayemkanyaga? Perez alimkanyaga Zadock kiatu chake cheupe, na badala ya kuomba msamaha akacheka.

"Madam, kiatu kikubwa hivi hukukiona?"

"Nilidhani ni mtumbwi, bwana."

Zadock, fundi wa friji, kwisha! Gauni la kijani lilimkaa huyo binti wa Asembo Bay mpaka wauza nyanya wakasahau wateja. Miezi sita baadaye simu zilikuwa "jaber wangu", yaani mrembo wangu, asubuhi, "umekula, mpenzi?" jioni. Ila Alhamisi. Kila Alhamisi Perez alienda kwao na kuzima simu.

Zadock alipotaka kuoa, shangazi yake Debra alitumwa kama jagam, yaani mshenga. Na jagam haendi kunywa chai tu, jamani. Huchunguza kama ukoo ule una wazimu, uchawi au damu mbaya. Debra alirudi ameibana midomo.

"Pale wanaishi watu watatu, lakini sahani nimeona nne. Na chumba cha nyuma kina kufuli."

"Kuna nini, Waya?" Zadock akamuuliza shangazi.

"Mume. Au mtoto. Fungua macho, mwanangu."

Loh, wivu! Alhamisi iliyofuata Zadock alimfuata Perez hadi kwao. Mlangoni mwa chumba kile akamsikia akisema, "Vumilia, mpenzi wangu, niko hapa."

Akausukuma mlango. "Ni nani huyo?"

Kitandani alijikunja msichana wa miaka kumi na saba, macho ya njano. Perez alikuwa akimkanda magoti kwa kitambaa cha maji moto.

"Ni Caren, mdogo wangu. Ana selimundu, ule ugonjwa wa damu. Wageni wakija, mama humfungia, kwa sababu mnakagua damu zetu kama mnachagua fahali! Dada yetu mkubwa aliachwa kwa hilo. Na mimi nikanyamaza, mwoga mimi. Haya, umeona. Nenda kawaambie."

Zadock hakwenda. Alimpigia Debra, akaweka spika.

"Waya, ndugu yangu Joram alikufa na nini?"

"Si tulikwambia alirogwa?"

"Alikuwa na macho ya njano. Alilia maumivu ya magoti usiku kucha. Nililala naye kitanda kimoja, Waya."

Sauti ya Debra ikaja imenywea. "Baba yako alisema tukiutaja ugonjwa huo, dada zako hawataolewa." Simu ikakatwa.

Zadock akaketi sakafuni, machozi yakimtoka. Huenda naye alikuwa ameibeba damu hiyo hiyo.

"Kesho tukapime, sisi wote wawili," Perez akasema. "Na ikionekana sote tumeibeba?"

"Tutaamua mambo ya watoto," Zadock akajibu. "Lakini wewe nakutaka leo, kabla ya karatasi yoyote. Utanikubali?"

Perez akakikamua kitambaa, akamtazama kwa shaka.

"Nakubali. Lakini siku ya harusi Caren anakaa kiti cha mbele. Wakiuliza ni nani, unawajibu wewe."

"Na ujibu kwa sauti," Caren akasema, akiuma meno kwa maumivu. "Nataka hata wa nyuma wasikie."