Picha ya Mtoto Asiyecheka

Asubuhi ile ua wa ofisi ya uhamiaji ulikuwa umefurika kama kawaida yake. Watu walikumbatia bahasha zao kifuani, wauza kalamu walipenya katikati yao, na foleni ilikuwa imepinda mpaka karibu na choo. Pembeni, chini ya kipande cha bati, mpiga picha za pasipoti alikuwa na kitambaa chake cheupe, stuli moja na neno moja alilolisema kutwa nzima: usicheke. Alilisema mno hata walinzi, makarani na maafisa wa ndani wakasahau jina alilopewa na mama yake. Wakamwita Usicheke, naye akaitika.

Mwenyewe alikuwa mcheshi kupindukia. Ndiyo maana siku ile, mwanamke mmoja aliposimama mbele yake amemshika mtoto mkono, alishindwa kujizuia.

"Dada, naona umekuja na tepu ya kupimia nguo shingoni. Unakwenda kumpima afisa suruali?"

Mwanamke aligusa shingo yake, akaikuta kweli tepu inaning'inia juu ya gauni la njano lililomkaa vizuri mpaka watu wa foleni walikuwa wakigeuka. Akacheka kwa sauti, mkono mdomoni.

"Ndivyo tulivyo mafundi cherehani. Siku moja nitazikwa nayo." Akamsukuma mtoto mbele. "Mpige huyu. Ila nakuonya mapema, hanyamazi. Nyumbani tunamwita Chiriku."

Chiriku alipanda kwenye stuli na papo hapo akaanza. Kwa nini kitambaa kimetundikwa, kimelowa? Kwa nini stuli ina mguu mmoja mfupi? Anko ana watoto? Kila kamera ilipolia, mdomo ulikuwa wazi au meno yako nje. Usicheke alipiga, akafuta, akapiga tena, mpaka akaweka kamera chini na kuchuchumaa mbele ya mtoto.

"Sikiliza, Chiriku. Picha ya nyumbani tunacheka. Picha ya serikali hatucheki. Midomo pamoja, macho mbele. Serikali ikiona meno inakasirika."

"Yenyewe haina meno?"

"Inayo. Haipendi kuona ya watu."

Mtoto alilifikiria hilo, akafunga midomo na kukodoa macho kama mwenye deni la watu wote pale uani. Picha ikatoka. Mama yake aliinama kuitazama kwenye kioo cha kamera, na Usicheke akasikia harufu ya pasi ya moto na sabuni kwenye nguo zake.

"Ya safari?" akauliza, ili asiondoke upesi.

"Ya uraia. Amezaliwa nje, aliingia kwa kibali cha mgeni. Nisipompatia uraia kabla hakijaisha, itabidi atoke. Na akitoka, mimi nabaki nikimwangalia nani?"

"Mgeni? Kwa mama yake?"

"Kwa mama yake. Anakula kwangu, analala kwangu, ni mgeni."

 Usicheke aliandika namba yake nyuma ya bahasha ya picha. "Zikikataliwa nipigie."

Jioni simu ikaita.

"Usicheke? Mama Chiriku hapa. Picha zimekubaliwa."

"Watu hunipigia zikikataliwa."

"Basi nikate?"

"Ukikata nitapiga mimi."

Hakukata. Waliongea mpaka simu ikawa ya moto sikioni.

Haikuchukua muda mrefu Usicheke akawa mtu wa chumba kile cha ushonaji. Kilikuwa chumba kimoja tu, cherehani dirishani, magauni ya harusi za watu yamefunikwa nailoni ukutani, na chini ya meza ya kukatia ndiyo ikulu ya Chiriku. Mama Chiriku alilichukua koti la pekee la Usicheke, la suti nyeusi, akaligeuza huku na huku.

"Hili umeazima kwa nani, mpenzi? Mabega yako yanapotea humu ndani."

"La marehemu baba."

"Basi mzee alikuwa na mabega. Simama nikupime." Alimzungushia tepu kifuani, akaikaza, akaacha mikono yake hapo muda mrefu kuliko inavyohitaji kazi. Usicheke alisimama kama aliyepigwa misumari sakafuni. Alimpenda mwanamke yule mpaka akaona aibu kwa umri wake.

Siku hiyo ndipo alipoambiwa habari yote. Mama Chiriku naye alizaliwa nje, baba yake alipokuwa kazini huko, akaletwa hapa angali mchanga. Alikuwa raia, ndiyo, lakini uraia wake ulikuwa wa kuishia kwake. Aliyezaliwa nje hawezi kumrithisha mtoto aliyezaliwa nje. Kwa hiyo uraia wa Chiriku ulipaswa kupitia kwa baba, ambaye alizaliwa papa hapa.

"Na baba yuko wapi?"

"Alikuwa fundi wa lifti kule nje, nilikokuwa nikishona kiwandani. Mimba ilipoonekana akapanda juu, hajashuka mpaka leo." Alisema kwa mzaha, lakini cherehani ilisimama. "Nasikia amerudi, ameoa. Kwenye cheti cha mtoto, mahali pa baba pana kistari tu."

"Kwa hiyo kinachotakiwa ni baba tu."

"Kinachotakiwa ni baba yake," alisema, akakata uzi kwa meno.

Maneno hayo Usicheke aliyasikia, lakini hakuyaelewa.

Kisha zikaanza simu za kupokelea nje ya mlango. Ilikuwa simu ikiita, Mama Chiriku anaangalia kioo cha simu, anatoka mlangoni na kuurudisha nyuma yake. Mara ya kwanza Usicheke alijitia hamnazo. Mara nyingine dirisha lilikuwa wazi.

"Tafadhali," alimsikia akinong'ona. "Umeniangusha mara moja, usiniangushe tena. Mtoto ni wako. Njoo siku hiyo, nitakusubiri."

Aliporudi ndani macho yake yalikuwa yanang'aa. Usicheke akauliza ni nani.

"Mteja," alisema, akainamia cherehani. "Kuna jambo zuri nitakuambia karibuni, laazizi. Usiniulize sasa."

Hakuuliza. Alijikaza kisabuni, akambeba Chiriku mabegani mpaka dukani na kumrudisha, akaaga kwa kicheko. Lakini alipofika kwake alilala chali akitazama dari, wivu unamtafuna. Fundi wa lifti anashuka, alijiambia. Anashuka kuchukua mke na mtoto, na mimi nitabaki na kitambaa changu cheupe. Halafu likamjia wazo ambalo lingemjia mtu aliyekaa miaka mingi nje ya ofisi ile bila kuingia ndani. Kinachotakiwa si baba? Basi baba huyu hapa. Akiwa baba kwenye faili, mtoto anabaki, mama anabaki, na hakuna wa kuwachukua. Mapenzi na wivu vilikuwa vimeshikana ndani yake hata mwenyewe asingeweza kusema kipi kinamsukuma.

Asubuhi alivuka barabara mpaka kwa wakili aliyeshinda akigonga mihuri ya viapo.

"Unaapa kwamba wewe ndiye baba mzazi wa mtoto huyu?"

"Naapa."

"Na alipozaliwa huko nje ulikuwepo?"

"Baba si lazima awepo mtoto akizaliwa."

"Lakini mwanzoni huwa lazima awepo," alisema wakili, akagonga muhuri bila kuinua macho.

Karani wa mapokezi, rafiki yake wa kutaniana kila siku, aliipokea karatasi na kuitia kwenye faili la mtoto bila kuisoma. "Usicheke leo mteja!" alisema, nao wakacheka. Usicheke akatoka anaelea. Alinunua pete, akaitia mfuko wa ndani wa koti. Alipanga kumposa Mama Chiriku palepale kwenye dirisha la uraia, siku ya mahojiano, kila mtu akiona.

Siku hiyo alifika amevaa suti ya marehemu baba yake, sasa imemkaa kama ilishonwa kwa ajili yake. Akamwona Mama Chiriku anaingia na gauni la buluu, nywele zimesukwa upya, Chiriku mkononi. Nyuma yao alikuja mwanamume mrefu mwenye paji la uso la Chiriku na masikio ya Chiriku, anageukageuka kama anayeogopa kuonekana.

"Umependeza," Mama Chiriku alimwambia Usicheke, sauti inatetemeka kwa furaha. "Nilitaka uione kwa macho yako. Huyu ndiye baba yake. Amekubali kuapa. Nimembembeleza kwa simu mpaka nimechoka. Sharti lake lilikuwa nisimwambie mtu, mkewe asije akajua. Hata wewe, mpenzi. Nisamehe."

 Usicheke alifungua mdomo aseme, lakini dirishani jina la mtoto lilikuwa limeshaitwa.

Afisa wa uraia, mama mtu mzima mwenye miwani iliyofungwa kamba, alimsikiliza fundi wa lifti, akalifungua faili, akalisoma. Akalifunua tena mwanzo.

"Mama, mtoto huyu ana baba wangapi?"

"Mmoja. Huyu."

"Humu tayari kuna mwingine, ameapa mbele ya wakili." Aliinua miwani, akamtazama mpiga picha aliyesimama nyuma yao na suti yake. "Usicheke, mwanangu. Wewe hata pasipoti huna. Hujawahi kuvuka mpaka. Huyu mtoto ulimzaaje huko?"

 Mama Chiriku aligeuka taratibu, akamtazama kama anayetafuta mtu anayemjua ndani ya suti ile.

"Sema si wewe," alimwambia.

"Nilidhani unarudi kwake. Nilitaka mbaki."

Fundi wa lifti alikuwa ameshaanza kurudi nyuma. "Mimi sikuja kuingizwa kwenye kesi," alisema. "Kama mna baba wengine, basi mimi simo." Mama Chiriku alimkimbilia mpaka langoni akimshika shati, gauni la buluu likikanyagwa na watu wa foleni, lakini mwanamume alijitoa mikononi mwake na kupotea barabarani. Simu yake haikupatikana tena.

Afisa alingoja mpaka mama huyo aliporudi, akaongea naye kwa upole, na upole ule ndio uliokuwa mbaya zaidi. Kipimo cha damu kingeweza kumaliza ubishi, lakini baba hapimwi bila ridhaa yake. Faili lenye viapo viwili linakwenda kwa wapelelezi, na huko halina wa kuliharakisha. Kibali cha mgeni kimeshaongezwa mara ya mwisho.

"Kwa hiyo mtoto atoke," alisema Mama Chiriku.

"Atoke, mama. Kama ningekuwa na namna, ningeitumia."

Usicheke alipiga simu siku hiyo, akapiga kesho yake na keshokutwa. Ikiita, inakatwa. Alikwenda mpaka mlangoni, akasikia cherehani inanguruma ndani, akagonga, cherehani ikanyamaza mpaka alipoondoka. Wapelelezi walimwita, wakachukua maelezo yake, wakamkataza kusafiri popote mpaka kesi iishe. Aliomba pasipoti kwa mara ya kwanza maishani mwake, akapigiwa muhuri wa kukataliwa na karani yuleyule wa kutaniana, ambaye safari hii hakutania.

Siku moja asubuhi, foleni ikiwa ndefu, alisikia sauti nyuma yake.

"Mtoto anataka picha ya hati ya kutokea nchini."

Mama Chiriku alikuwa amevaa lile gauni la njano. Lilikuwa limelegea, au yeye ndiye aliyekonda. Tepu ilikuwa shingoni.

"Kuna wapiga picha wengine barabarani," Usicheke alisema kwa shida. "Sikutegemea ungekuja kwangu."

"Nami sikutegemea." Alitazama chini. "Bosi wangu wa zamani amekubali kunirudisha kiwandani kule nje. Huko nako mtoto si raia. Atakaa kwa kibali cha kazi yangu, nikiwa na kazi."

"Ungeniambia ni yeye aliyekuwa akipiga simu," Usicheke alisema.

"Ungeningoja."

Watu walikuwa wakiwapita na bahasha zao. Usicheke akatoa pete mfukoni, bila kupiga goti wala kuposa.

"Niliinunua kwa ajili ya siku ile. Sijui nifanye nayo nini."

Mama Chiriku aliishika, akaijaribu kidoleni. Ilimtosha sawasawa, na hilo ndilo lililomliza. "Nakupenda," alisema. "Nimejaribu kuacha, nimeshindwa. Ukinioa leo, kesho mtoto bado ni mgeni, na wewe bado huwezi kuvuka mpaka. Nikibaki na wewe, nani atakwenda naye?" Akaivua, akamrudishia kiganjani na kumfunga vidole. "Vipimo vyako ninavyo kichwani. Koti nitakushonea. Sijui litakufikia vipi."

Chiriku alikuwa ameshapanda kwenye stuli bila kuambiwa. Hakuuliza habari ya kitambaa wala ya mguu mfupi. Usicheke alipiga picha ya hati mara moja tu, ikatoka safi. Haikuwahi kumtokea kwa mtoto yeyote. Akashusha kamera, akafuta macho kwa mkono wa shati, akaiinua tena.

"Nipe moja yangu, Chiriku. Hii ya nyumbani. Cheka kidogo, nibaki nayo."

Mtoto alimtazama, midomo pamoja, macho mbele.

"Hatucheki, anko," alisema. "Hapa ni kwa serikali."

Usicheke akapiga hivyo hivyo, kisha akaita anayefuata kwenye foleni.