Namna ya Kufunga Mlango

"Punguza sauti!"

"Nimepunguza! Hii ndiyo sauti yangu ndogo!"

"Mas Jatmiko, watoto wako chumba cha pili!"

"Sasa nifanyeje, Ratri? Nimekuja kukuposa, sijaja kuvunja chuo!"

Ratri akageukia dirishani. Kebaya yake ya kijani, blauzi ya heshima ya Kijava, ilikuwa vumbi la sakafu mgongo mzima, na Jatmiko kila akilitazama lile vumbi, anahamisha macho.

Huyo Mas, yaani kaka kwa Kijava, anakodisha maspika ya harusi, Yogyakarta nzima inamjua. Hata huyu Ratri, dokta anayefundisha walimu chuoni, alimpata kwa kelele. Alikuwa anajaribu maiki soko la Beringharjo, binti akashtuka, mchuzi wake wa fenesi ukamwagika. Jatmiko akaomba msamaha kwa maiki ileile, soko zima likasikia. Binti akacheka. Mapenzi yakaanzia hapo.

Leo wanafunzi wa Ratri, walimu watarajiwa, walikuwa wanafundisha kwa mara ya kwanza darasa lenye watoto wa kila aina, wenye ulemavu na wasio nao, wazazi wanatazama. Jatmiko kaingiza maspika kwa mlango wa nyuma, pete mfukoni. Akawasha wimbo wa mapenzi. Kinasih, kabinti kasikoongea, kakaziba masikio, kakaingia chini ya meza, kakaanza kujigonga kichwa.

Wimbo ukazimwa. Ratri hakupiga kelele. Akalala chali sakafuni, dokta mzima na kebaya yake, akaweka kiganja kati ya kichwa cha mtoto na mguu wa meza. Kimya. Walimu wake wote wakakaa chini, nao kimya. Tangu azaliwe Jatmiko hajawahi kuona kimya kinafanya kazi. Kinasih akatulia, akaulaza mguu wake juu ya mguu wa Ratri.

"Kwa nini hukuniambia kelele zinawaumiza hivyo?" sasa Jatmiko akauliza.

"Mwaka mzima nakuambia! Kwenye simu unanijibu 'sawa mama watoto,' halafu unaniwekea wimbo!"

"Nilidhani mambo ya vitabuni."

"Eti vitabuni! Nilivyokwambia somo langu la kwanza kwa walimu ni kufunga mlango, ulisemaje?"

Jatmiko akainamisha kichwa. Siku ile alicheka mpaka machozi: "Umesoma hadi udokta, mpenzi, uje kufundisha watu wazima kufunga mlango!"

"Mlango ukibamizwa, kuna mtoto siku yake imeishia hapo," Ratri akasema. "Sasa mimi nitaolewaje na mtu anayebamiza kila mlango? Niambie!"

Na Jatmiko akikosa jibu hupandwa na hasira.

"Basi naondoka!"

"Ondoka!"

Akafungua mlango, akatoka. Mkono ukarudi nyuma wenyewe kuubamiza, kama siku zote wakigombana. Kwenye mwanya akamwona Ratri: kafumba macho, mabega kayapandisha, anasubiri kishindo.

Mkono ukaganda.

Akazungusha kitasa kwanza. Akauleta mlango taratibu, kama kabeba mtoto aliyelala.

Ratri akafumbua jicho moja.

"Mas," akanong'ona. "Kesho njoo na pete. Maspika yaache nyumbani."

Jatmiko akafungua mdomo, akaufumba. Akaitikia kwa kichwa tu. Kisha akaufunga mlango, akakiachia kitasa kidogo kidogo, kikarudi mahali pake bila hata kusema kwi.