Sera ya Usalama Iliyoandikwa Tukiwa Tumefungiwa Ndani

Asubuhi ile nilikuwa natwanga majani ya muhogo kwa hasira. Binti yangu Yassah alikaa mlangoni. Wiki tatu nyuma alishikwa na uchungu wa kuzaa. Askari wa kizuizi cha barabarani wakamsimamisha njiani kwenda zahanati. Walitaka "maji baridi", ndivyo tunavyoita hongo hapa Liberia. Hatukuwa na kitu. Mtoto akazaliwa palepale vumbini, akafa.

Mara akapita chifu wetu, Mzee Flomo, anatabasamu.

"Mama Korto, wageni wa Monrovia walikuja jana. Wanaandika upya sera ya usalama wa taifa. Ile ya zamani ni ya tangu vita viishe. Tumewaeleza yote!"

"Yote yapi? Jana lilitoka zimwi la chama cha siri cha wanaume, lile ambalo mwanamke haruhusiwi kuliona. Wanawake tulijifungia ndani kama mila inavyotaka. Nani alipanga siku hiyo?"

"Mimi. Lakini usalama ni bunduki na mpaka, mama. Ninyi mngesema nini?"

"Ningesema mjukuu wangu yuko kaburini! Hata aibu huna?"

Nikatupa mchi, nikaenda zahanati kwa muuguzi Garmai. Yeye yumo katika kamati ya usalama ya wilaya.

"Sera ni maneno ya serikali ya jinsi itakavyomlinda kila mtu," alisema. "Mjamzito akimwogopa askari, hilo ni jambo la usalama. Sera bado haijapitishwa, mama. Andikeni barua, mdai kikao kingine. Semeni nini kilitokea, wapi na lini. Kisha mdai msomewe kilichoandikwa."

Wanawake arobaini tulitia dole gumba kwenye barua.

"Mtaniaibisha!" Flomo alilalamika.

"Umeshajiaibisha mwenyewe," nikamjibu.

Wageni wakarudi kutusikiliza. Yassah akasimama, akasema yote bila kulia. Karani wao akaacha kuandika, akamtazama tu.

"Andika!" nilimwambia. "Usimwonee huruma. Andika!"

Akaandika. Akatusomea mara mbili. Sera ilipopitishwa, neno letu lilikuwemo: mgonjwa na mjamzito wasizuiwe popote. Askari wakafundishwa, na namba ya simu ya kuwashtakia ikabandikwa kizuizini.

Mwezi uliopita jirani yetu Lorpu alishikwa na uchungu. Alipita bila kuulizwa neno. Amezaa msichana. Nilimpakata, nikalia kwa furaha na kwa hasira. Wangetuuliza mapema, mtoto wa Yassah naye leo angekuwa anatambaa.