Jina la Malkia wa Kisima

Mara ya tatu wiki ile, ukurasa wa arobaini ulikuwa umejifuta. Samira alisonya. Tasnifu ilitakiwa Ijumaa. Chuo kilishamwongezea muda mara mbili, na safari hii akichelewa ni kufutwa, miaka sita yote bure.

Aliandika juu ya malkia mmoja wa pwani, wa miaka mia saba iliyopita. Wenye kuandika tarikh, vitabu vya habari za kale, walimtaja mara moja tu, "mke wa Sultani", wakaendelea na vita vya mumewe. Uvivu huo ulimuudhi Samira. Yeye alimtafuta malkia kwenye zawadi alizotoa, kisima alichochimbisha, watu aliowalisha. Lakini jamani, kila alipoandika "malkia alitawala", akienda kuchukua chai akirudi anakuta yamefutika, pameandikwa "mke wa Sultani".

"Burhani, umegusa kompyuta yangu?"

"Nina nini na malkia wako mimi?" Mumewe akanusa. "Eish. Nani kachoma udi?"

Hakuna aliyechoma. Ilikuwa adhuhuri kweupe, mtaa mzima wa Bellevue una kelele za teksi, na bado ndani ya kile chumba chao kimoja udi ulizidi kukolea, na nyuma ya kabati bangili zikaanza kugongana polepole, zikasogea hadi kwenye kiti cha Samira, zikatulia begani pake, naye hakuthubutu kugeuka.

Burhani alimleta Bi Zabibu, mganga wa Kitanga anayekaa mtaa wa pili, Yeoville. Pepo kwanza huulizwa jina. Bi Zabibu aliuliza mara tatu.

"Hana jina la kutaja," alinong'ona. "Wenye tarikh walilifuta. Naye anafuta kwa kuwa mnamwandika bila jina. Usimwahidi kitu mpaka nijue anataka nini."

Samira alishachoka na kusubiri. "Nitakupa jina, basi! Niachie kazi yangu!"

Bi Zabibu alimziba mdomo, kachelewa. "Mwanangu, pepo haahidiwi kitu bila kutajiwa kipi. Umempa jina lipi?"

Udi ulikatika palepale. Ukurasa wa arobaini haukufutika tena.

Ijumaa, Clémentine wa duka la kuchapa alimkabidhi tasnifu, ingali na joto la mashine. Jaladani paliandikwa: *Utawala wa Malkia Samira.* Chini, mahali pa mwandishi: *Mke wa Burhani.*

Alipiga simu. "Burhani, niite jina langu."

"Mke wangu... Ngoja. Nalijua. Ngoja kidogo."

Mke wa Burhani alingoja.