Nilisema Mimi Ni Jirani Tu

Kila asubuhi mimi na Umuhire tulienda kuchota maji. Mimi nilibeba bidoni kubwa, yeye ndogo. Kisha niliuza sambaza, samaki wadogo wa ziwa, kando ya barabara pale Mabanga.

Umuhire ana miaka saba. Ni mtoto wa dada yangu Athanasie. Tulikimbia vita kutoka Kalengera sote watatu. Hapa Goma Athanasie aliugua, akafa. Tukabaki wawili.

Baadaye sambaza zikawa haba. Tulikula mara moja kwa siku. Jirani yangu, Mama Dorine, aliniita.

"Mukashyaka, kule Keshero kuna kituo cha watoto. Wanakula mara tatu."

"Watamupokea Umuhire?"

"Wanapokea mutoto asiye na mutu. Sema mama yake alikufa, na weye ni jirani tu."

Nilimfundisha Umuhire njia nzima.

"Leo usiniite mama mudogo. Niite jirani."

"Na mama mudogo atakuwa wapi?"

Nilimshika mkono, tukaendelea na njia.

Kituoni waliandika: Hana familia. Nilirudi peke yangu. Siku hiyo nilipika bugali ya watu wawili. Kesho yake pia. Sehemu yake ilikauka kwenye sahani. Hakukuwa na mtu wa kumgombeza amalize.

Jumapili nilienda kumtembelea. Alikuwa amenenepa kidogo. Tulikuwa wawili tu uani, lakini alinipa mkono kama mgeni.

"Bonjour, jirani."

Mama Thérèse, mfanyakazi wa kituo anayefuatilia familia za watoto, alikuja akitabasamu.

"Jirani, umekuja kumuaga? Jumatano anapanda boti kwenda Bukavu. Tumepata familia nzuri itakayomulea."

"Mpaka lini?"

"Mpaka awe mukubwa."

Nilimshika Umuhire mkono. Nikakaa chini.

"Mama Thérèse, nilidanganya. Mama yake ni dada yangu. Tumbo moja."

Alifunga daftari lake, akakaa karibu nami.

"Mbona ulificha?"

"Niliogopa. Mukijua ana mutu, mutamunyima chakula."

"Aa, mama! Kituo ni cha mutoto ambaye kweli hana mutu, tena kwa muda tu. Mutoto mwenye ndugu, tunasaidia nyumba yake. Unga, maharagi, daftari za masomo, vinafika mpaka kwako. Anakula akiwa kwao."

"Hata kama mimi ni masikini?"

"Umasikini si sababu ya kumutenga mutoto na damu yake. Lakini ukitudanganya, na sisi tunapotea pamoja na weye."

Hakuamini neno langu peke yake. Kesho yake alifika Mabanga. Aliangalia nyumba yangu. Aliuliza nyumbakumi, yaani kiongozi wa nyumba zetu chache, kisha majirani. Mama Dorine alipaza sauti:

"Ni wa dada yake kabisa! Uongo ule niliupika mimi. Munikamate mimi!"

Majirani walicheka, hata Mama Thérèse.

Jumatano boti iliondoka bila Umuhire. Baada ya wiki mbili alirudi nyumbani na kifurushi cha nguo zake. Tulisaidiwa unga na maharagi kwa miezi sita. Kila mwezi Mama Thérèse alikuja kumwona. Sasa Umuhire yuko mwaka wa kwanza wa shule ya msingi, nami ninauza sambaza tena.

Juzi mchana tulikuwa tunaanika sambaza juu ya mkeka. Aliniuliza:

"Mama alikuwa anacheka namna gani?"

Katika Goma nzima ni mimi peke yangu ninayejua. Sikuwa nimecheka tangu tumzike. Nilifunika mdomo kwa kiganja kama Athanasie, nikainamisha kichwa, nikamwonyesha.

Aliacha sambaza, akasogea karibu.

"Tena," akasema.